Shemeji anataka wanangu watumie bunduki ya magnum, jirani anasema .243 inatosha. Nimsikilize nani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Aurora hapa Colorado mwaka wa 11 sasa, kwetu ni Morogoro kule Kilombero. Marehemu baba yangu alikuwa na gobore na kibali chake, anaingia porini anarudi na nyama, kwahiyo habari ya kuwinda kwangu si ngeni japo mi mwenyewe sikuwahi kushika bunduki mpaka nimefika huku. Mwaka jana mwanangu mkubwa Idi, ana miaka 15, alienda na mzee jirani yetu Mmarekani kuangalia elki, wale kulungu wakubwa wa huku, aliporudi wiki nzima hana habari nyingine. Basi mimi na Idi na mdogo wake Rehema ambaye ana 12 tukafanya ile kozi ya usalama wa uwindaji wote watatu, tukafaulu, tukaomba leseni za vijana za elki jike upande wa Craig, na majibu yametoka juzi, wote wawili wamepata. Msimu wetu ni ule wa pili wa bunduki, mwisho wa mwezi wa kumi.

Hapo ndo shida ilipoanza. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana .300 Winchester Magnum, bunduki yenye risasi ya nguvu nyingi, aliyonunua miaka mitatu iliyopita. Akasema elki ni mnyama mkubwa, ukimpiga na bunduki ndogo unamjeruhi tu anaenda kufia mbali, we waache watoto waizoee hii. Mume wangu anaendesha malori, wiki mbili yuko barabarani wiki moja nyumbani, kwahiyo shemeji ndo aliyetupeleka uwanja wa shabaha. Mjomba, Idi ni mwembamba, ana kilo 52. Alipiga risasi ya kwanza, ilikoenda sikuona, niliona tu kichwa kimerudi nyuma na damu inatoka juu ya jicho, ile darubini imemchana nyusi. Shemeji akacheka, akamwambia hiyo ndo alama ya wawindaji, piga nyingine. Akapiga nyingine mbili huku analia kimyakimya, mi namwona mabega yanatetemeka, na nikanyamaza kwa kumheshimu shemeji mbele za watu, na mpaka leo inaniuma.

Tangu siku hiyo Idi akishika hata ile .22 ya jirani, kale ka kujifunzia, anafumba macho kabla hajafyatua. Mwenyewe anasema hafumbi, ila mi namwona. Rehema hana neno, kwa .22 anaangusha makopo moja baada ya jingine, lakini ameshaniambia bunduki ya baba mdogo haigusi.

Sasa kila mtu ana lake. Mzee jirani anasema tusihangaike, ana .243 aliyomfundishia mwanae miaka hiyo, atatuazima, kwa elki jike inatosha kabisa. Kijana wa dukani akaniambia mama siku hizi wote wanachukua 6.5 Creedmoor. Kaka mmoja wa msikitini akasema chukua .30-06 ndo bunduki ya kila kitu. Nimechanganyikiwa. Hela yetu inatosha bunduki moja tu, ya kutumiwa na wote wawili, na kubwa zaidi sitaki wanangu wakamtese mnyama, baba alikuwa akisema mnyama uliyemjeruhi ukamwacha anakudai. Na sisi ni Waislamu, hiyo nyama inakuaje? Alafu shemeji nitamwambiaje bila ugomvi?

Mama Idi, Aurora

*

Marahaba Mama Idi. Pole sana mwanangu, na Idi mpe pole zangu, mwambie na mimi nimesema hakukosea kitu siku ile.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yatafuata. Shemeji usimfuate, jirani mfuate nusu. Tafuta bunduki ya 7mm-08 Remington (namba hizi zote ni aina za risasi) yenye kitako cha kijana, itumie na risasi zenye kichwa cha shaba tupu, greni 120 au 140 (greni ni kipimo cha uzito wa hicho kichwa), na nyumbani wekeni sheria kwamba hakuna kumpiga elki aliye mbali zaidi ya yadi 200. Ila usiinunue wiki hii. Kuna kazi ya kumtoa Idi ule woga, na hiyo inatangulia bunduki.

Sasa tuongee kuhusu huyu mnyama, maana wengi wanaosoma hapa hawajamwona. Elki ni jamii ya kulungu wa huku, jike mzima ana kilo 220 hivi, sawa na nyumbu aliyeshiba, na dume anafika kilo 300 na zaidi. Kwahiyo bado pofu wa kwetu anampita. Shemeji yuko sahihi kwamba ni mnyama mkubwa na ana uhai mgumu, ukimpiga vibaya anaweza kutembea kilomita nyingi akapanda mlima akashuka bonde la pili na usimwone tena. Mi nimeliona hilo. Mwaka mmoja nilimsindikiza kijana wa rafiki yangu, miaka 14, baba yake amempa magnum kwa hoja hizihizi za shemeji yako, elki jike amesimama ubavu yadi 120, kitu rahisi kabisa, yule mtoto akaivuta triga kwa kuishtukia kabla haijampiga teke, risasi ikaingia tumboni. Tulifuata damu mpaka giza, usiku ule theluji ikaanguka, tukampata kesho yake saa nne asubuhi, nyama imeshaharibika. Kijana hakula siku mbili. Ukubwa wa risasi haukumsaidia yule mnyama hata kidogo, kwasababu magnum ikipita tumboni inabaki ni risasi ya tumboni. Na .243 ya jirani yako ikipita kwenye mapafu yote mawili, elki anatembea hatua thelathini arobaini anaanguka.

Ndo maana swali langu la kwanza kwa mzazi ni mtoto wake anaweza kupiga bunduki ipi macho yakiwa wazi, na kutoka hapo tunapanda mpaka kwenye ile yenye nguvu kuliko zote anazoziweza. Mzazi anayeanza na bunduki ya kumuua mnyama alafu mtoto ndo alazimishwe kuifikia, anaishia na nyusi iliyochanika.

Teke la bunduki linapimwa, siyo suala la uanaume. Huku wanatumia futi-pauni. Kwa bunduki ya kilo tatu na nusu hivi, .243 inarudi na kama 9, 6.5 Creedmoor na 7mm-08 zote ziko kwenye 12 au 13, .308 kama 16, .30-06 inakaribia 20, na ile .300 ya shemeji inafika 26 na kuendelea. Mtoto wa kilo 52 alipewa kitu chenye teke mara mbili ya anachohitaji, tena kwa kitako cha mtu mzima. Na bunduki ikiwa nyepesi teke linaongezeka, kwahiyo usije ukavutiwa na zile za kilo mbili na nusu eti mtoto atabeba kirahisi, ataibeba vizuri sana na ataichukia.

Kwanini siyo .243? Nampenda sana huyo mzee kwa moyo wake wa kuazima, na kisheria hana kosa, hapa Colorado kwa elki wanataka kipenyo kisipungue inchi .24, kichwa cha risasi kinachotanuka kisipungue greni 85, na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100, na .243 yenye greni 100 inafaulu yote hayo. Elki majike wengi wamelala kwa .243 na watalala wengine. Tatizo ni kwamba haikuachii nafasi ya kukosea. Inatoka mtutuni na kama futi-pauni 1,900, ikifika yadi 200 imebaki 1,300 hivi. Mnyama akisimama ubavu sawasawa, sawa. Akigeuka kidogo, risasi ikakutana na mfupa wa bega, kale kakichwa ka greni 100 kanaweza kuishia njiani. Mwindaji mzoefu ataona pembe siyo nzuri atasubiri, mtoto wa 12 moyo unamdunda mpaka kwenye masikio, ataona elki tu. Watu husema .243 ni bunduki ya watoto, kwa elki mi naona ni bunduki ya watu wazima wenye subira.

7mm-08 ni ndugu yake wa tumbo moja. Zote zimezaliwa kwenye ganda la .308 Winchester ya mwaka 1952, .243 ikatoka 1955 kwa kubana shingo la ganda sana, 7mm-08 ikaja 1980 kwa kulibana kidogo tu. Kwahiyo inabeba kichwa kizito zaidi, greni 140 ndo cha kawaida, inatoka na kama 2,400, na kwenye yadi 200 bado ina 1,800 hivi. Wawindaji wengi wa huku wanapenda elki afikiwe na 1,500, kwahiyo hapo una akiba, na teke ni lile la 12 au 13 ambalo Idi ataliweza akishapona na Rehema ataliweza kwa mazoezi.

Na hiyo milimita saba Afrika Mashariki tunaijua siku nyingi. Yule Mskoti Walter Bell, aliyeitwa Karamojo kwasababu ya kuwinda kule Karamoja, Uganda, miaka ya mwanzo ya 1900, aliua mamia ya tembo na wengi wao kwa 7x57 Mauser, kipenyo kilekile cha 7mm-08 na nguvu zinakaribiana kabisa. Mauaji yale ya tembo siyo kitu cha kusifia, na alitumia risasi ngumu zisizotanuka kwenye ubongo, elki humpigi hivyo. Nakutajia kwasababu wenzake walibeba mibunduki mizito na yeye akawapita kwa kujua ndani ya mnyama kumekaaje. Hicho ndo Idi na Rehema wajifunze, tafuta picha ya elki iliyochorwa viungo vya ndani, ubandike kwenye friji, kila asubuhi waweke kidole mapafu yalipo, nyuma ya bega, chini kidogo ya katikati ya mwili. Alafu wageuzie picha, mnyama anaangalia huku, mnyama ameinama, kidole kinaenda wapi?

6.5 Creedmoor ya kijana wa dukani siyo ushauri mbaya. Imetoka 2007, teke ni lilelile, inalenga vizuri, na faida yake kubwa ni kwamba risasi zake zinapatikana hata kwenye maduka ya miji midogo wakati 7mm-08 unaweza kuzunguka maduka matatu usiione. Ukiipata 6.5 yenye kitako cha kijana kwa bei nzuri na 7mm-08 hamna, chukua, sitakulaumu, chagua tu kichwa cha risasi cha kuwindia, vile vya mashindano ya shabaha uviache. Mi naipa 7mm-08 mbele kwa unene kidogo wa kichwa. Ukiichukua, nunua maboksi matano ya aina moja siku hiyohiyo usije ukahangaika mwezi wa kumi. .30-06 ni nzuri mno, ipo tangu 1906, Idi akifika miaka 21 ainunue mwenyewe kama bado anaitaka. Mwaka huu hapana.

Kitu ambacho hakuna aliyekutajia katika hao wote wanne ni kichwa cha risasi, na hiki kina uzito kuliko yote waliyokwambia. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa anawinda kule British Columbia, Kanada, akampiga musi (kulungu mkubwa kuliko hata elki) dume mkubwa mwenye tope limekauka mwilini, alikuwa na .300 H&H Magnum, yenye nguvu pungufu kidogo tu ya ile ya shemeji, na risasi zikawa zinapasukia juu juu haziingii ndani. Magnum hiyo! Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati, nusu ya mbele inatanuka, nusu ya nyuma inabaki nzima inaendelea kuchimba, ndo Partition hizo zinazouzwa mpaka leo. Kwahiyo .300 yenye kichwa laini inaweza kushindwa pale ambapo 7mm-08 yenye kichwa imara inatoboa mapafu yote na kutokea upande wa pili. Kwa nyinyi nimesema shaba tupu kwasababu mbili. Haipasuki, kwahiyo hata greni 120 inaingia ndani vizuri na teke linapungua tena kidogo. Na haina risasi ile madini, risasi za kawaida zinaacha chembe ndogo sana ndani ya nyama ambazo kwa macho huzioni, na watoto ndo wanaodhurika nazo zaidi. Wanao watakula hiyo nyama mwaka mzima, jike mmoja anatoa kilo sitini na zaidi za nyama isiyo na mfupa, kwahiyo hili lichukulie kwa uzito.

Haya, bunduki yenyewe. Mwambie Rehema akunje kiwiko kama anabeba sahani, kitako kiegemee ndani ya kiwiko, kidole kifike kwenye triga bila kunyoosha. Kisipofika kitako ni kirefu, na kitako kirefu ndo kilichomchana Idi, mtoto anajivuta mbele ili aone kwenye darubini, jicho linakaa sentimita nne tano badala ya tisa, chuma kikirudi kinakutana na uso. Zipo bunduki za vijana zenye vipande vya kuongeza na kupunguza kwenye kitako, hiyo ndo itawafaa wawili, kipande kinatoka kwa Rehema kinarudi kwa Idi, lakini darubini ifungwe kwa kipimo cha yule mdogo alafu mhakikishe na mkubwa anaona vizuri. Kale kadude ka mbele ya mtutu kanakopunguza teke watakushawishi ununue, kweli kanapunguza, ila kelele inakuwa kubwa mno na inarudi kwenye masikio ya aliye pembeni, yani wewe. Kwa teke la 7mm-08 hamkahitaji. Masikioni vaeni vyote viwili, vya kuziba ndani na vile vya kufunika juu, nusu ya woga wa mtoto unatokana na mlio, bega watu wanalisingizia tu.

Sasa Idi. Magnum asiione tena mwaka huu. Mwezi mzima wa kwanza ni .22 tu, risasi zake bei rahisi, teke hamna. Nunua risasi bandia za .22 zile za mazoezi, wewe ndo uwe unapakia, yeye asijue, mara ya kweli mara bandia. Akifyatua bandia na mtutu ukachovya chini, mwenyewe ataona, huna haja ya kusema neno wala kubishana naye kama anafumba macho au hafumbi. Usimkemee. Mwambie tu haya tena. Wiki ya tatu ya nne utaona mtutu umetulia. Hapo ndo 7mm-08 iingie, mkianza na zile risasi zenye baruti kidogo, makampuni kadhaa wanazitengeneza kwa ajili ya hili hili, na kila siku asizidishe risasi kumi, amalizie na .22 ili aondoke uwanjani na kumbukumbu nzuri. Mkihamia kwenye zile za shaba zenye nguvu kamili rekebisheni darubini upya, maana hazitapiga palepale. Zile zenye baruti kidogo zibaki uwanjani, msiende nazo porini, shaba inahitaji mwendo ili itanuke.

Msifanyie kila kitu mezani, elki hatawasubiri mlete meza. Wakae chini, wapige magoti, watumie fimbo za kuegemeza bunduki. Chukua sahani za karatasi za sentimita 20 hivi, uzibandike. Yadi 50, risasi tano, zote tano ndani ya sahani? Sogea 100. Zote tano? Sogea 150. Pale ambapo moja inatoka nje, rudi nyuma kwenye umbali uliopita, huo ndo umbali wa mtoto huyo mwaka huu, andika kwa kalamu ya wino kwenye kitako kama unataka. Rehema akiishia 100 na Idi 200 hakuna ubaya, elki wanasogelewa. Zile yadi 200 nilizosema ni dari, siyo lengo.

Kwakuwa bunduki ni moja na leseni ni mbili, awinde mmoja mmoja, mwenzie akae na darubini ya mkononi. Sheria inataka aliye chini ya miaka 16 awe na mtu mzima mwenye cheti cha kozi, anayemwona na kumsikia muda wote, na wewe unacho, kwahiyo ni wewe, hata shemeji akija. Nguo za chungwa linalong'aa inchi za mraba 500 na kofia juu, pinki inaruhusiwa pia kama Rehema atapenda. Ndani ya gari hakuna risasi kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa. Nyumbani bunduki ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, huku Colorado tangu 2021 hiyo ni sheria, na ufunguo ukae kwako. Na wengine mnaosoma mkitamani, kama uko kwa viza ya muda na si mkazi wa kudumu, muone mwanasheria kabla hujanunua bunduki au hata kuazima, sheria ya serikali kuu ni kali kwenye hilo na kosa lake linaweza kukuharibia karatasi zako zote.

Siku yenyewe, elki majike wanatembea kwa kundi, na shaba inatoboa ikatokea ng'ambo. Waambie kabla hamjatoka nyumbani, kama kuna mwingine nyuma yake, hatupigi, tunasubiri asogee, hata kama wataondoka wote. Na waambie elki akipigwa vizuri mara nyingi haonyeshi, anabaki amesimama anashangaa, basi risasi ya pili iingie chemba haraka na akiwa bado wima apigwe tena palepale. Akikimbia, kaeni chini nusu saa, kunyweni chai ya chupa, ndo mfuate damu.

Kuhusu nyama, Bismillah isomwe wakati wa kufyatua, na anayefyatua ndo asome, siyo wewe pembeni. Wanazuoni wengi wa sasa wanaihesabu risasi inayotoboa kama mshale, akifa kwa hiyo ni halali, na mkimkuta bado yu hai mchinjeni hapohapo, kwahiyo kisu kikali kiwe kiunoni. Ukae na sheikh wako wa Aurora pia umweleze mapema, atakupa na adabu zake, na watoto wasikie kutoka kwake.

Amebaki shemeji. Mama Idi, kwanza zungumza na baba Idi akirudi safari hii, mwonyeshe ile nyusi, mwambie ulivyoona, hili siyo la wewe kulibeba peke yako kwenye familia ya mume. Yeye ndo amwambie mdogo wake, kwa upole, kwamba watoto wanaanza na ndogo. Alafu shemeji mpe kazi yenye heshima, maana mabega anayo na elki mmoja hatolewi mlimani na mama mmoja na watoto wawili, mguu mmoja wa nyuma ni zaidi ya kilo 20 na mko juu mlimani, pumzi hamna. Mwambie tunakuhitaji Craig kwa kubeba, na magnum yako njoo nayo ukiwa na leseni yako mwenyewe. Akikataa, mzee jirani nadhani atafurahi kuitwa, na ile .243 mwombe muitumie kule uwanjani mwezi wa nane, ni ngazi nzuri sana ya kutoka kwenye .22 kabla ya 7mm-08.

Sahani zikishaongea niandikie tena, uniambie Idi amefika yadi ngapi na Rehema ngapi, na urefu wa kitako mliochagua, tupange darubini ikae sawa kwenye yadi 100 kabla theluji haijaanza.